Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Ukiwauliza watu wa Nairobi, watakwambia Eastlands ni tambarare. Kwa Umoja, Donholm na Kayole hawajakosea. Lakini mimi ni fundi wa breki, na fundi wa breki huijua mitaa kwa miteremko yake. Naijua ile inayoshuka kutoka Pumwani hadi Gikomba na Mto Nairobi, naijua na ile ya Shauri Moyo inayouelekea mto huohuo. Magari mengi yaliyolala kwenye miteremko hiyo yamelindwa na kitu kisichouzwa dukani: jiwe.

Mitaa hii haikujengewa magari. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 iwe makao ya Waafrika mjini. Shauri Moyo ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati wenyeji wa Pangani walipobomolewa nyumba zao. Kaloleni ikaja, kisha Bahati, Maringo na Jericho. Vyumba vilikuwa vidogo, na nje kulikuwa na kamba za nguo na njia za miguu. Waliochora ramani walimwona Mwafrika kama mtu wa kutembea, au akibahatika, wa kupanda baiskeli au basi la Kenya Bus Service, kampuni iliyoanza kazi mwaka 1934. Pa kuweka gari hapakufikiriwa kabisa. Ndiyo maana hadi leo kwenye vichochoro vyetu vingi huoni ukingo wa saruji kando ya barabara; unaona mtaro wazi.

Wa kwanza kuushinda mteremko walikuwa watu wa mikokoteni. Tazama mkokoteni wa Gikomba: ekseli ya gari kuukuu, magurudumu mawili, mbao, na nyuma kabisa, chini ya mkia, kipande cha tairi kilichopigiliwa misumari. Akiteremka na magunia ya viazi, mwenye mkokoteni huinua mikono ya mbele, mkia ukakwaruza lami, na mzigo ukapunguza mwendo. Akifika, anauacha mkia uketi chini na mikono ielekee juu, na mkokoteni hauendi popote. Breki ya kuendeshea na breki ya kuegeshea zimekuwa kitu kimoja. Mzee aliyenifundisha ufundi alikuwa ameusukuma mkokoteni miaka mingi kabla hajashika spana, na alikuwa akiniambia, "Kijana, gari halisimamishwi na breki, linasimamishwa na ardhi." Sijapata somo lililo bora kuliko hilo.

Kisha yakaja matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu kubeba abiria bila leseni maalumu, na magari yaliyokuwa yakijificha yakajaa barabarani. Mengi yalikuwa yamezeeka tayari. Betri ilikuwa ghali, na starta iliyokufa ingeweza kukaa imekufa mwaka mzima. Hapo mteremko, ambao dereva wa leo anauogopa, ukawa mali. Dereva alitafuta mahali pa kulaza gari likitazama chini, ili alfajiri liwake bila kusukumwa. Makanga aliondoa jiwe mbele ya gurudumu na kuruka kando, gari likaanza kubingirika, dereva akaingiza gia ya pili na kuachilia klachi, injini ikaamka. Abiria wa kwanza alikuwa ndani kabla moshi haujatulia.

Kwa hiyo jiwe lilikuwa kazi ya mtu, na mtu huyo hakuwa mzembe. Makanga mzuri alichagua jiwe lenye upande bapa wa kukaa chini na upande wa mshazari wa kukumbatia tairi, maana jiwe la duara hubingirika pamoja na gari. Alilisukuma likagusa mpira kabla dereva hajatoa mguu kwenye breki. Wa malori walibeba kabari ya mbao, nayo ni bora zaidi.

Sababu ya kuhitaji jiwe iko wazi kwa anayefungua magurudumu. Handibreki ya magari mengi ni waya unaovuta breki za nyuma peke yake. Waya hurefuka, breki huisha, na kwenye mteremko uzito wote huning'inia hapo. Nyongeza ya kwanza ni gia: ya kwanza kama pua ya gari inatazama juu, rivasi kama inatazama chini. Ya pili ni usukani. Ukitazama chini, geuza magurudumu ya mbele yaelekee ukingo. Ukitazama juu na ukingo upo, yaelekeze barabarani, ili gari likirudi nyuma tairi likwame kwenye ukingo. Pasipo na ukingo, kama ilivyo kwetu, yaelekee kando siku zote. Heri gurudumu litumbukie mtaroni kuliko gari kuivamia meza ya mama mboga.

Buruburu, iliyojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, ilimhesabu mwenye gari: kila koti, yaani kundi la nyumba zinazozunguka uwanja mmoja, lina nafasi ya kuegesha. Baadaye kanuni za usalama barabarani za Waziri wa Uchukuzi Michuki za mwaka 2004 ziliyabana matatu, na magari yaliyotumika Japani, mengi ya otomatiki, yakaenea kote. Gari la otomatiki haliwashwi kwa mteremko. Wenye magari hayo hutia P na kushuka. Hilo silikubali hata kidogo. P ni kijino kimoja cha chuma ndani ya giaboksi. Ukikitwika gari zima kila usiku, kitalika. Ukiwa bado umekanyaga breki, tia N na uvute handibreki kwanza, achilia breki polepole gari likae, kisha kanyaga breki tena ndipo utie P.

Na kama utatumia jiwe, basi liondoe unapoondoka. Tuliorithi desturi hii tumesahau nusu yake. Makanga wa zamani alilirudisha jiwe lake ndani ya gari. Siku hizi linaachwa katikati ya njia, na mwendesha bodaboda anayekuja usiku halioni.