Basari ya masomo (Rongo)

Basari ya masomo ni ruzuku ya serikali inayotolewa kwa mwanafunzi mhitaji ili kumpunguzia karo, nayo hutofautiana na mkopo kwa kuwa mpokeaji hadaiwi kuirejesha. Katika eneo bunge la Rongo, Kaunti ya Migori, nchini Kenya, chimbuko lake kuu ni Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge, iliyoasisiwa kwa sheria ya mwaka 2003 na kuundwa upya kwa sheria ya 2015, ambayo kamati yake hupokea maombi, huyachuja kwa kuangalia hali ya familia za waombaji, wakiwemo mayatima na walemavu, kisha hutuma malipo moja kwa moja shuleni au chuoni. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo, kilichopewa hati idhini mwaka 2016, aweza pia kuomba fedha za Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 1995. Na tangu mfumo wa ufadhili wa vyuo vikuu wa 2023, msaada wa serikali kuu hukadiriwa kwa kipato cha kaya. Kwa kawaida basari hugharimia sehemu tu ya karo, na kwa kuwa fedha hazitoshi waombaji wote, uadilifu katika uteuzi ndio msingi wa manufaa yake.