Daftari la bwana mifugo wa Mpanda

Akitajwa daktari wa mifugo wengi wetu tunaona bomba la sindano na ng'ombe aliyeshikwa pembe na vijana wanne. Leo nataka kuzungumzia kitu ambacho hakuna anayekipiga picha, yaani daftari lake. Na nimeichagua Mpanda makusudi, kwa sababu kumbukumbu za mifugo za huko zimehamahama kama ng'ombe wenyewe.

Tuanze na ramani. Wilaya ya Mpanda ilikuwa chini ya Tabora. Mwaka 1974 ulipoundwa mkoa wa Rukwa, ikahamishiwa huko, na ripoti zikaanza kwenda Sumbawanga. Mwaka 2012 ukazaliwa mkoa wa Katavi, Mpanda ikawa makao makuu, na eneo la ile wilaya ya zamani leo limegawanyika kati ya Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika. Sasa mtu akitaka kujua ng'ombe wa "Mpanda" walikufa kwa ndigana kiasi gani miaka ya themanini, lazima kwanza aulize: Mpanda ipi? Na karatasi ziko mji gani?

Halafu kuna jambo la zamani zaidi. Nchi hii haikutarajiwa kuwa ya ng'ombe. Ilikuwa nchi ya mbung'o. Wabende, Wapimbwe na Wakonongo waliishi zaidi kwa kilimo, uwindaji na asali. Miaka ya 1920 na 1930 Waingereza waliwahamisha watu wengi wa magharibi mwa Tanganyika na kuwakusanya pamoja kwa sababu ya malale. Hata reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda kwa ajili ya madini ya risasi, si kwa ajili ya mifugo.

Ng'ombe wengi walikuja baadaye, na walikuja kwa miguu. Kuanzia miaka ya 1970 Wasukuma walianza kuteremka na makundi yao kutafuta malisho, hadi bonde la Rukwa. Kundi linalopita porini haliachi jina kwenye daftari la mtu. Wala usidhani kila ng'ombe wa boma ni wa mwenye boma. Wengine ni wa shemeji, wengine wa rafiki aliyebaki Shinyanga. Ukiuliza "huyu alichanjwa lini?" anayejua yuko mbali kilomita mia kadhaa.

Pengine utasema, ya nini yote haya, si wanatibiwa tu? Hebu tuangalie homa ya mapafu ya ng'ombe. Tanzania ilikuwa imeitokomeza mwaka 1964. Mwaka 1990 ikaingia tena kutoka Kenya, na miaka michache baadaye ilikuwa imesambaa sehemu kubwa ya nchi, ikibebwa na mifugo inayohama. Ng'ombe wa ugonjwa huu anaweza kuonekana mzima huku sehemu ya pafu imeshaoza ndani. Anauzwa mnadani, anaondoka nao. Mara nyingi anayegundua ni mkaguzi wa nyama machinjioni, akikuta pafu limegandamana na mbavu. Hapo swali ni moja tu: alitoka wapi? Kama hakuna kibali wala jina la muuzaji, habari inaishia pale pale juu ya meza ya kuchinjia.

Sasa linganisha na sotoka, iliyofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890. Tulidhani tumeshaimaliza katikati ya miaka ya 1960, mwaka 1982 ikathibitishwa tena nchini. Chanjo nzuri tulikuwa nayo, ile iliyotengenezwa na Walter Plowright pale Muguga, Kenya. Lakini ili nchi itambuliwe kuwa haina sotoka, chanjo haikutosha. Ilibidi iache kuchanja, kisha ikusanye taarifa na sampuli za damu kwa miaka, kuonyesha kwamba ugonjwa umetafutwa na haukuonekana. Mwaka 2011 dunia ilipotangaza kuwa sotoka imekwisha, ushahidi ulikuwa ni makaratasi.

Tatizo ni kwamba mfugaji naye ana historia yake na makaratasi. Usukumani enzi za mkoloni, ng'ombe walihesabiwa kisha wakaamriwa wapunguzwe. Baada ya uhuru kumekuwa na operesheni za kuwaondoa wafugaji. Ya Usangu mwaka 2006 bado inakumbukwa. Kwa hiyo mwenye ng'ombe mia mbili akikutajia themanini, mimi simwiti mwongo moja kwa moja. Ila bwana mifugo aliyeagiza chanjo za ng'ombe themanini ndiye atakayeumbuka.

Na huyo bwana mifugo tumwonee huruma kidogo. Ana pikipiki, masika njia hazipitiki, na chanjo inataka baridi katika mji ambao kwa miaka mingi uliwashiwa umeme wa jenereta. Akiitwa, mara nyingi mfugaji ameshanunua dawa dukani na kuchoma mwenyewe. Kwenye nchi ya mbung'o hilo si dogo. Ng'ombe wa nagana akipigwa sindano asipone, inawezekana dawa imeshindwa, au kipimo kilikuwa kidogo, au ameumwa na mbung'o upya. Bila tarehe na kipimo vilivyoandikwa huwezi kujua ni lipi. Jioni, matope bado yako kwenye viatu, ndipo anatakiwa ajaze ripoti ya mwezi.

Sheria ya utambuzi na ufuatiliaji wa mifugo ilipitishwa mwaka 2010. Ikaja chapa ya moto, zikaja hereni za kielektroniki, wafugaji wakalalamikia gharama, zikasimamishwa. Mwezi Juni 2025 kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi ikazinduliwa Bariadi. Tuseme hereni itatuambia ng'ombe ni wa nani. Alichougua mwaka juzi bado kinategemea mkono wa yule mwenye pikipiki.

Akihamishwa kituo, pikipiki itakabidhiwa kwa saini. Daftari linaweza kuondoka naye kwenye begi, na atakayempokea ataanza ukurasa wa kwanza, kana kwamba kijijini hapo hajawahi kufa ng'ombe.