Uvimbe wa Taya: Utafiti Ulioendelea Baada ya Misiba



Mwaka huu tumechagua historia ya ugonjwa wa watoto. Wapo kati yetu, Ngara na Biharamulo, waliozika watoto kabla ugonjwa wao haujapata jina. Wazazi hao ndio walioomba mfuko wetu wa matibabu ya watoto uendelee.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Muda mfupi baadaye, huko Jinja, alikuta mtoto mwingine mwenye uvimbe kama ule, na tumboni pia. Kisu hakikuwafaa watoto wa namna hiyo. Walikuwa wakifariki upesi. Burkitt hakuishia kuandika vifo daftarini. Aliuliza: ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo?

Alituma vipeperushi vyenye picha kwenye hospitali za serikali na za misheni. Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson walifunga safari ya gari ya wiki kumi, kilomita zipatazo 16,000, kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, wakipita Tanganyika. Gharama yote haikufika paundi 700. Waligundua kwamba katika Afrika Mashariki uvimbe huo ni nadra kwenye nyanda zilizo juu ya mita 1,500 hivi. Sisi tunaielewa ramani hiyo: milima ya Ngara iko juu, lakini ukishuka Biharamulo kuelekea ziwani, joto na mbu huongezeka.

Ramani hiyo iliwaelekeza watafiti kwenye malaria. Mwaka 1964, London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi walichokiona katika seli za uvimbe uliosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Kati ya 1972 na 1974, huko West Nile, watoto wapatao 42,000 walitolewa damu, ikahifadhiwa. Taarifa ya 1978 ilieleza habari za watoto 14 kati yao waliougua baadaye: damu yao, iliyochukuliwa wakiwa wazima, ilikuwa na kingamwili za kirusi hicho nyingi kuliko za wenzao. Hapa Tanzania, Mara Kaskazini, watoto waligawiwa klorokwini kuanzia 1977 hadi 1982, ili ionekane kama kupunguza malaria kungepunguza saratani hiyo. Jibu halikuwa la wazi, lakini kazi haikusimama. Kote huko wazazi walikubali watoto wao wachomwe sindano kwa faida ya watoto ambao hawangewajua.

Matunda yake yapo. Miaka ya 1960 dawa zilianza kuyeyusha uvimbe huo, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Mwaka 1967 kituo cha matibabu yake kilifunguliwa Kampala. Leo watoto wa Kanda ya Ziwa hutibiwa saratani Bugando, Mwanza. Lakini uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mzazi anayesubiri mavuno auze maharage ndipo apate nauli, atafika amechelewa.

Ndiyo maana tunachangisha kwa mambo matatu: nauli ya mtoto na mzazi wake, malazi ya mzazi wakati wa matibabu, na daftari katika kila kata. Humo iandikwe, kwa ridhaa ya wazazi, kijiji cha mtoto aliyeugua, umri wake, siku uvimbe ulipoonekana na siku alipofika hospitali. Aliyefariki naye aandikwe. Burkitt alichora ramani yake kwa majibu ya namna hiyo, na mtoto asiyeandikwa popote hawezi kumfundisha daktari wa kesho.

Ahadi zitapokelewa mezani kwa mhazini. Hata nauli ya mtoto mmoja ni mchango kamili.