Katuruka: Mavi ya chuma, simulizi za wazee na DNA vinavyofungua historia ya Kagera

Ukilima kibanja Bukoba au Muleba, jembe linaweza kugonga kitu kizito, cheusi, chenye matundu matundu. Wengi hukitupa pembeni wakidhani ni jiwe tu. Kumbe huenda ni mavi ya chuma, yaani taka ngumu inayobaki baada ya kuyeyusha mawe yenye madini ya chuma. Nyingine ina umri wa zaidi ya miaka 1,500.

Taka hiyo ni ushahidi. Inaonyesha kuwa Kagera ni kati ya maeneo ya mwanzo Afrika Mashariki kutengeneza chuma.

Wazee ndio walioonyesha njia

Mwaka 1970, mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt alichimba Katuruka, kijiji kilicho karibu na Kemondo, kusini mwa mji wa Bukoba. Hakuanza na sepetu. Alianza kwa kukaa na wazee na kuwasikiliza.

Wazee walimweleza habari za Rugomora Mahe, mfalme wa Kyamutwara wa karne ya 17. Walisema aliagiza wahunzi wajenge mnara wa chuma wa kufika mbinguni, na mnara ukaanguka. Wakamwonyesha na mahali penyewe, kwenye mti ulioitwa Kaiija, jina linalohusishwa na sehemu ya kufulia chuma.

Alipochimba hapo, alikuta kweli mabaki ya kazi ya wahunzi. Cha kushangaza, yalikuwa ya zamani mno kuliko mfalme mwenyewe. Baadhi ya mkaa uliopimwa ulionyesha kipindi cha miaka 500 hivi kabla ya Kristo.

Si wataalamu wote wanaokubali tarehe hiyo. Hoja yao ni kwamba mti uliotoa mkaa unaweza kuwa mzee kuliko moto wenyewe. Hata hivyo, matanuri ya eneo la Kemondo yanaonyesha kazi ya chuma ilikuwa imeshamiri katika karne za kwanza baada ya Kristo.

Chungu chenye kibonyo

Pamoja na chuma, ardhi ya Kagera hutoa vyungu vya Urewe, vilivyopewa jina la eneo la magharibi mwa Kenya. Vingi vina michoro ya mistari na kibonyo kidogo chini, kana kwamba mfinyanzi alibonyeza kwa kidole.

Vyungu vya aina hii vimepatikana pia Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Watafiti wengi huvihusisha na wakulima wa mwanzo waliozungumza lugha za Kibantu kandokando ya Ziwa Victoria.

Mwaka 1976, wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma ujanani walijenga tanuri upya mbele ya Schmidt na mwenzake, Donald Avery. Walitumia udongo wa kichuguu, majani ya kinamasi yaliyochomwa, mkaa na mivukuto. Mirija ya udongo iliingizwa ndani kabisa ya tanuri. Watafiti hao waliandika mwaka 1978 kuwa joto lilipita nyuzi 1,800 za Selsiasi, na kwamba hewa ilipata moto ikiwa bado ndani ya mirija. Hoja hiyo ya hewa bado ina ubishi hadi leo.

DNA inaingia wapi?

Chungu kinaonyesha watu walipikia nini. Hakisemi nani alimuoa nani. Hapo ndipo vinasaba vinasaidia.

Mfano ni Krete, kisiwa cha Ugiriki. Utafiti wa mwaka 2023 wa mifupa ya kale ulionyesha kuwa ndoa za binamu zilikuwa jambo la kawaida huko na kwenye visiwa jirani.

Kwetu pia kuna visiwa vilivyozungumza. Mwaka huohuo 2023, jarida la Nature lilichapisha DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka miji ya pwani ya Waswahili, ikiwemo Kilwa na Songo Mnara. Wengi wao walikuwa na mababu Waajemi, zaidi wanaume, na mabibi Waafrika. Kuchanganyika kulianza takriban mwaka 1000.

Simulizi ya Washirazi, ambayo baadhi ya wasomi waliiona kama hadithi ya kujipa ukubwa, ikapata ushahidi. Lakini simulizi hiyo iliwataja zaidi wanaume waliokuja. DNA ikawarudisha wanawake wa hapahapa.

Kagera mambo ni magumu zaidi. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wenye tindikali huozesha mifupa. Ndiyo maana chuma, vyungu na kumbukumbu za watu vina uzito mkubwa hapa.

Kumbukumbu nazo hufa

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Ugonjwa huo uliondoa watu ambao wangerithi simulizi. Schmidt aliporudi Katuruka miongo kadhaa baadaye, wengi wa wazee waliomfundisha walikuwa wamefariki.

Wanakijiji hawakukaa kimya. Walikusanya simulizi zilizobaki na kuifufua sehemu hiyo kuwa kituo cha urithi wanachokisimamia wenyewe.

Ukikuta kitu, fanya hivi

- Usikivunje wala kukiuza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863.
- Usiendelee kuchimba kutafuta vingine. Kitu kikishang'olewa mahali pake, nusu ya habari yake imepotea.
- Piga picha, kumbuka mahali, kisha toa taarifa kwa uongozi wa kijiji ili ifike kwa maofisa wa Mambo ya Kale.
- Kama una bibi au babu anayejua habari za wahunzi, mrekodi kwa simu yako. Chungu kinaweza kusubiri miaka 1,000 mingine; yeye hawezi.