Karakana ya Kane Kwei: tarehe ya waunda majeneza wa Teshie

Ukitoka Accra, nchini Ghana, kwa barabara ya pwani kuelekea Tema, unapita La, kisha Teshie, kisha Nungua, miji ya kabila la Waga iliyoshikana hata mgeni asijue mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Teshie ni mji wa wavuvi. Hapo ndipo Wadenmark walipojenga ngome yao ya Augustaborg katika miaka ya 1780, na hapo ndipo ilipo karakana ya useremala ambayo familia moja imeirithishana kutoka babu hadi mjukuu. Kazi yake ni majeneza. Yana umbo la samaki, kaa, gari la Mercedes, kuku na vifaranga wake, kitunguu, Biblia, chupa ya bia.

Kuuelewa ukoo huo kunataka kwanza kujua Waga walizika vipi. Zamani maiti alizikwa nyumbani, chini ya sakafu ya chumba, akabaki karibu na watu wake. Mwaka 1888 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilipiga marufuku desturi hiyo, ikaamuru watu wazikwe makaburini. Wenyeji wa Accra hawakuipokea amri hiyo kwa furaha. Lakini tangu hapo maiti alilazimika kutoka nyumbani, apitishwe mitaani mbele ya macho ya watu wote, na sanduku lake nalo likaonekana.

Katika mitaa hiyo hiyo palipita kitu kingine cha fahari: machela ya machifu. Chifu wa Kiga alibebwa mabegani siku za sherehe, na baadhi ya machela yalichongwa kwa sura ya mnyama au kitu kilicho alama ya ukoo wake. Waliochonga machela walikuwa maseremala wale wale waliotengeneza vitanda, milango na majeneza.

Seth Kane Kwei alikuwa mmoja wao. Habari inayosimuliwa zaidi inasema kwamba, mwanzoni mwa miaka ya 1950, chifu mmoja aliagiza machela yenye umbo la tunda la kakao. Lilikuwa umbo la heshima kubwa: koloni la Gold Coast, ambalo mwaka 1957 lilipata uhuru na kuitwa Ghana, wakati huo lilikuwa mzalishaji mkuu wa kakao duniani. Chifu akafa kabla ya kuyapanda machela hayo, na jamaa wakaamua kumzika ndani yake. Mwaka 1951 akafariki bibi yake Kane Kwei. Bibi huyo hakuwahi kupanda ndege, ila uwanja wa ndege wa Accra hauko mbali na Teshie, na kuzitazama zikiruka na kutua kulimfurahisha sana uzeeni. Mjukuu akamchongea jeneza la ndege.

Ni simulizi tamu, nayo ilienea duniani kwa magazeti, kwa maonyesho na kwa kitabu cha picha cha Mfaransa Thierry Secretan katika miaka ya 1990. Lakini haikusema yote. Mtafiti wa Uswisi Regula Tschumi alikaa na mafundi na wazee wa Kiga, akaonyesha kwamba majeneza haya yalizaliwa na machela ya machifu, na kwamba Kane Kwei hakuwa peke yake. Mjini La, hatua chache kutoka Teshie, fundi Ataa Oko, aliyezaliwa karibu na mwaka 1919, alikuwa akiunda majeneza ya sanamu tangu miaka ya 1940. Jina lake lilikaa kivulini muda mrefu. Alipokuwa mzee sana, Tschumi akamwomba achore kazi zake za zamani, naye akashika kalamu za rangi akachora mamia ya picha, nyingine za mizimu aliyosema anaiona. Alifariki mwaka 2012, baada ya michoro yake kuonyeshwa katika jumba la sanaa la Art Brut mjini Lausanne. Ilikuwa haki yake, ingawa ilichelewa.

Basi sifa ya karakana ya Teshie isitafutwe katika nani alianza. Kilichoipa nafasi yake ni kwamba haikufungwa, na kwamba ilifundisha.

Kazi yenyewe haina siri kubwa, ina subira. Wafiwa huja na wazo, pengine na picha tu: mtumbwi wa marehemu, basi alilokuwa akiendesha, cherehani yake. Fundi huchagua mbao za wawa, mti mwepesi na laini wa misitu ya Ghana usioshindana na patasi. Vipande huungwa kwa gundi na misumari mpaka umbo kubwa litokee, kisha fundi huanza kuchonga kwa jicho, bila ramani ya vipimo. Mfuniko huachwa mahali usipoonekana kirahisi: mgongoni kwa samaki, juu ya paa kwa gari. Nyufa huzibwa, msasa hupigwa, kisha rangi huanza. Hapo samaki hupata magamba moja moja, na gari hupata namba zake. Ndani hutandikwa kitambaa laini. Jeneza moja laweza kuchukua wiki mbili hadi sita, na hilo linawezekana kwa sababu mazishi ya Ghana hayana haraka. Maiti hulala mochwari wiki kadhaa, hata miezi, huku ukoo ukikutana, ukichanga na kupanga.

Umbo halichaguliwi kwa kupenda tu. Mvuvi huenda na samaki au mtumbwi, mkulima na zao lake, mama aliyelea kaya kubwa na kuku mwenye vifaranga. Simba na tai si vya kila mtu: ni alama za machifu na wakuu wa koo, na fundi anayeijua kazi yake humuuliza mteja maswali kabla ya kushika msumeno. Makanisa mengi hayataki majeneza haya yaingie ibadani, isipokuwa lile la Biblia. Ndiyo maana wapo wacha Mungu wanaozikwa ndani ya kitabu cha mbao.

Kwa msomaji wa pwani yetu, aliyezoea jeneza la msikiti linalompeleka maiti hadi kaburini kisha likarudi kumngoja mwingine, hesabu ya Teshie inashangaza. Kazi ya wiki nyingi huonekana siku moja, mara nyingi Jumamosi, ikapitishwa mitaani kwa ngoma, halafu ikafukiwa. Kazi bora za karakana ziko chini ya ardhi.

Zilizobaki juu zilibaki kwa kuwa wageni walizinunua. Mapema miaka ya 1970 Mmarekani Vivian Burns, mfanyabiashara wa sanaa kutoka California, alinunua majeneza kwa Kane Kwei. Moja, la tunda la kakao, sasa ni mali ya makumbusho ya San Francisco. Mwaka 1989 Jean-Hubert Martin aliyaweka majeneza ya Kane Kwei katika maonyesho makubwa ya Paris, Magiciens de la Terre, na kuanzia hapo seremala wa Teshie akawa msanii katika vitabu vya Ulaya. Kwa wateja wa namna hiyo mbao hubadilika: wawa hutosha kwa kaburi, lakini makumbusho hutaka mti mgumu utakaostahimili miaka.

Seth Kane Kwei alifariki mwaka 1992. Mwanawe Sowah akashika kazi hadi mwaka 1999, kisha mwana mwingine, Cedi. Mwaka 2005 usimamizi ukaenda kwa Eric Adjetey Anang, mwana wa Cedi, kijana wa miaka ishirini hivi. Huyu alilichukua jina la babu yake akalipeleka mbali. Mwaka 2010 alishiriki tamasha la sanaa za watu weusi mjini Dakar, na baadaye akaalikwa kufanya kazi na kufundisha ng'ambo.

Tawi lililokua kuliko yote, hata hivyo, lilitokea kwa mwanagenzi. Paa Joe, aliyezaliwa mwaka 1947 na mwenye udugu na Kane Kwei, aliingia karakanani akiwa kijana wa miaka 15 na kujifunza kwa miaka kumi na miwili. Mwaka 1976 alifungua karakana yake Nungua. Tai wake yumo katika Makumbusho ya Uingereza, London. Mnamo 2004 na 2005 alichonga mfululizo wa ngome za pwani ya Ghana ambamo watumwa walifungwa kabla ya kuvushwa bahari, kila moja ikiwa na ukubwa wa jeneza au zaidi. Kwangu hiyo ndiyo kazi nzito kuliko zote zilizotoka katika ukoo huu, maana waliopita katika milango ya ngome hizo hawakupata jeneza wala kilio cha jamaa. Mwanawe Jacob naye ni fundi. Na mwanafunzi wa Paa Joe, Kudjoe Affutu, mwaka 2010 alimtengenezea msanii Saâdane Afif jeneza lenye umbo la Centre Pompidou, jumba lile lile la Paris lililoonyesha kazi za Kane Kwei miaka 21 kabla.

Tarehe hii inajulikana kwa sababu watu waliwauliza mafundi wangali hai na kuandika majina yao. Miji yetu nayo ina maseremala wa majeneza, wengine wakiwa katika kazi hiyo moja tangu enzi za baba zao, na habari zao ziko vichwani tu. Anayemfahamu mmoja amwendee sasa, amuulize alifundishwa na nani, alianza mwaka gani na nani aliwahi kufanya kazi naye, kisha ayaandike majina hayo.