Kilomita 300,000 Si Dhambi: Stori ya Gari la Mtumba Huku Kwetu

Mwaka wa 1965, ndugu wawili Wakenya, Joginder na Jaswant Singh, walishinda mbio za East African Safari wakiendesha Volvo PV544 ya mtumba. Narudia: ya mtumba. Gari hilo lilikuwa limeshakimbizwa na timu ya kiwanda, likachoka, likauzwa. Joginder, mzaliwa wa Kericho aliyejifunza ufundi kwenye gereji ya babake, akalitengeneza mwenyewe, akapita nalo takriban kilomita 5,000 za vumbi na matope, akawaacha waliokuja na magari mapya.

Sasa wewe uko Kitale, una miaka 19, leseni bado inanukia wino, na unaogopa Probox kwa sababu mita inasoma 310,000. Hebu tuongee.

Swali mnaloniuliza sana ni hili: "Gari ikishapita laki mbili si imekufa?" Nikiuliza mlitoa wapi hiyo laki mbili, kila mtu anasema alisikia kwa mtu. Mimi naona hofu hii ina historia, na ukiijua utaokoa pesa. Pengine hata shingo.

Tuanze na babu zetu. Kabla Toyota haijatawala hizi barabara, mfalme alikuwa Peugeot. Peugeot 404 ilishinda Safari mwaka wa 1963, ikarudi ikashinda mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1966 na ya 1967 ilikuwa ya Bert Shankland, dereva kutoka Tanzania. Mwaka wa 1963 na wa 1968 ni magari saba pekee yaliyofika mwisho, na yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na 404 yake. Kisha ikaja 504, ikashinda 1975 na 1978. Hizi mbio ndizo zilikuwa tangazo. Mkulima wa mahindi Trans Nzoia hakuhitaji kuambiwa na muuzaji kwamba shoksi za Peugeot ni ngumu. Alikuwa ameona.

504 ikawa ya maofisa wa serikali, ya mashamba, na ile ndefu yenye safu tatu za viti ikawa gari la abiria kati ya miji. Waulize wazee wa Bungoma watakuambia "tulipanda Peugeot" vile wewe unasema ulipanda nganya. Na hapa ndipo pana jambo ambalo wengi hawalijui: magari mengi ya enzi hizo yalikuwa na mita ya tarakimu tano tu. Ikifika 99,999 inageuka, inaanza sifuri. Kwa hivyo gari linaweza kusoma 34,000 na limeshazunguka mara tatu, na kila mtu anajua hivyo. Mnunuzi wa miaka ya sabini hakuwa na la kufanya na hiyo namba. Aliuliza maswali mengine: Nani alikuwa analiendesha? Lilikuwa linabeba nini? Fundi wake ni nani, nikamuulize? Linavuta moshi likiwashwa asubuhi?

Hayo maswali tumeyasahau. Tumebaki na namba.

Yalisahaulika lini? Miaka ya tisini. Kabla ya hapo kuingiza gari kulikuwa shughuli: leseni za uagizaji, pesa za kigeni za kuombwa, na magari mengi yakiunganishwa hapa hapa nchini, Mombasa, Thika na Nairobi. (Hata tulijaribu kuunda letu. Nyayo Pioneer ilizinduliwa Kasarani mwaka wa 1990 mbele ya Rais Moi, ikaishia hapo hapo kwenye mifano michache. Hiyo ni stori ya siku nyingine, na itaniuma kuiandika.) Mwaka wa 1993 serikali ikalegeza masharti ya biashara na pesa za kigeni, na bandari ya Mombasa ikafunguka. Magari yaliyotumika yakaanza kumiminika kutoka Japani, mengine yakipitia Dubai.

Kwa nini Japani? Kwa sababu kule gari la kibinafsi hufanyiwa ukaguzi mkali linapotimiza miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili, na huo ukaguzi ni ghali. Mwenyewe anapiga hesabu, anaona heri auze. Mjapani wa mjini pia haendeshi sana, ana treni. Kwa hivyo lilitufikia gari la miaka saba likiwa na kilomita elfu sitini, na ndani linanuka sabuni. Hapo ndipo namba ndogo ikawa kitu cha kujivunia, na mauzo yakaanza kufanywa kwa mita.

Shirika la viwango, KEBS, nalo likaweka sheria kwenye kiwango cha KS 1515 cha mwaka wa 2000: gari lililotumika lisizidi miaka nane likiingia nchini, na usukani uwe kulia. Nia nzuri. Tusiwe jaa la taka la dunia. Lakini angalia matokeo yake kwetu vijana. Gari la chini ya miaka nane, ukiongeza ushuru, hatuliwezi. Tunalolimudu ni lile lililoingia zamani, likasajiliwa KB au KC, likatumiwa na Wakenya watatu wanne. Ni mtumba wa mtumba. Na kwa hilo, sheria ya miaka nane haina neno.

Ongeza sasa mita za kidijitali. Ile ya kuzunguka ilihitaji fundi mwenye bisibisi na subira. Hii ya sasa inahitaji kompyuta ndogo na dakika chache. Ndiyo maana nasema mita ni shahidi anayeweza kununuliwa.

Wacha tupige hesabu ya kwetu. Kitale hadi Bungoma na kurudi, uwe umepitia Webuye au Kimilili na Chwele, ni zaidi ya kilomita 100. Mtu wa biashara akifanya hivyo mara tatu kwa wiki, kwa mwaka amepita 15,000. Kwa miaka kumi, 150,000. Sasa gari liliingia 2011 likiwa na 80,000, limekuwa la mfanyabiashara wa nafaka miaka yote hiyo, na leo linasoma 96,000? Limekuwa likiruka?

Binamu yangu wa Kanduyi yuko kwenye hii hali saa hii. Mamake ameuza mahindi, wameongeza na akiba ya chama, wanataka gari la kupeleka bidhaa sokoni na yeye apate kazi ya kufanya. Kuna mawili mezani. Moja ni saluni nyeupe, rangi mpya, mita 88,000, broka anasema "ilikuwa ya daktari." (Madaktari wa nchi hii wana magari mangapi, jameni?) La pili ni Probox yenye 310,000, kiti cha dereva kimepasuka, lakini mwenyewe yupo, ana daftari la kila mara alipobadilisha oili. Baba mtu anataka la 88,000. Mzee wangu, kwa heshima zote, mimi niko na Probox.

Sababu si mapenzi. Probox ilianza kuuzwa Japani mwaka wa 2002, na injini zake za petroli, ile ya 1300 na ya 1500, zinatumia cheni ya taimingi. Corolla 110 tuliyokua nayo, nyingi zilikuwa na belti, ambayo hubadilishwa kila kilomita laki moja hivi. Kwa gari la belti, kilomita ni suala la maana kabisa: usipojua ilibadilishwa lini, umenunua bahati nasibu. Kwa la cheni, adui mkubwa ni oili chafu, na ndiyo maana lile daftari lina thamani kuliko rangi mpya. Spea nazo ziko kila mji, na hakuna fundi wa jua kali asiyeijua hiyo injini.

Lakini msinielewe vibaya. Probox ina dhambi zake, na sizifichi. Kuna zilizobeba watu tisa na gunia za viazi kila siku, abiria mmoja ameketi kiti kimoja na dereva. Inama uangalie springi za nyuma. Zikiwa zimeongezewa vyuma, hilo lilikuwa lori lenye sura ya gari. Washa ufunguo bila kuwasha injini: taa ya eabegi inafaa iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu ametoa balbu au eabegi zilishafunguka kwenye ajali. Tairi zina tarakimu nne ubavuni. 1719 ni wiki ya 17 ya mwaka wa 2019. Dereva mgeni kwenye ule mteremko wa Webuye, mvua inanyesha, malori ya Malaba mbele na nyuma, hafai kuwa kwenye tairi za umri huo hata kama bado zina meno.

Na karatasi. Fanya search ya NTSA kabla hujatoa hata bob ya deposit, uone kama jina ni la huyo anayekuuzia na kama gari lina deni la benki. Kama mwenyewe bado ana cheti cha Japani au ripoti ya ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa, humo kilomita ziliandikwa. Linganisha na mita. Hapo ndipo nilimwambia binamu amuulize broka wa ile saluni.

Alimuuliza juzi. Broka akasema karatasi zililoa mvua. Jumamosi wanaenda kwa mwenye Probox asubuhi na mapema, kabla hajaiwasha, na fundi wao.