MBOGA JUU YA MAWE
Habari za bustani za nyumbani katika mji wa Goma



Katika vitabu vya Jubilei ni desturi kuandika majina ya mapadri waliopita, hesabu ya waliobatizwa na waliofunga ndoa, na siku jiwe la msingi lilipowekwa. Hayo wengine wameyaandika katika kurasa hizi, nao wameyaandika vema. Sisi tuliombwa kusimulia maisha ya Wakristu wenyewe. Tulifikiri sana, kisha tukachagua jambo lililo dogo machoni pa watu, ndilo bustani iliyo nyuma ya nyumba. Maana waliobeba mawe ya kanisa hili walikula kwanza, ndipo wakabeba. Na mara nyingi chakula chao kilitoka hatua kumi tu toka mlangoni.

I. NCHI TULIYOPEWA

Mji wa Goma umekaa kando ya ziwa Kivu, mahali palipo na urefu wa meta 1500 hivi juu ya bahari, chini ya mlima Nyiragongo wenye meta 3470. Nchi hii ni ya ajabu. Mvua inanyesha sana, toka Septemba hata Desemba, tena toka Februari hata Mei, na hata hivyo mji wetu hauna mto hata mmoja. Maji ya mvua huzama mara moja katika nyufa za mawe ya volkano. Ndiyo sababu wamama na watoto wa Goma, tangu zamani, wanajulikana kwa bidoni kichwani au mgongoni, wakipanda toka ziwani.

Mawe hayohayo yanayotunyima maji ndiyo baba wa udongo wetu. Volkano ikiisha kupoa, kwanza huota juu yake namna ya kuvu la kijivu. Baadaye huja majani madogo na miti. Miaka mingi ikipita, jiwe huvunjika kuwa udongo mweusi, wenye nguvu kupita udongo wa nchi nyingi. Wazee waliokaa kwenye miteremko ya Nyiragongo walijua jambo hilo pasipo kusoma shuleni. Walilima ndizi, mtama, ulezi, maharagi na viazi vitamu, na nyuma ya kila nyumba mama alikuwa na kipande kidogo cha lengalenga na maboga, kilichonona kwa majivu ya jiko na mavi ya mbuzi. Hicho hakikuhesabiwa kuwa shamba, kwa kuwa kilikuwa sehemu ya nyumba, kama jiko lilivyo sehemu ya nyumba.

Tukumbuke vilevile ya kwamba maharagi, mahindi, mihogo na viazi vitamu vilitoka Amerika, vikaletwa Afrika kwa njia ya bahari, kisha vikapita toka mkono hata mkono mpaka kufika kwetu. Mbegu haiulizwi kabila lake. Ikipokewa vema na udongo, inakuwa ya nchi.

II. WAMISIONARI NA MBOGA ZA KIGENI

Mwaka 1868 Askofu Lavigerie alianzisha shirika la Mapadri Weupe kule Algeria. Mwaka uleule Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo, katika pwani ya Tanzania ya leo, wakawakusanya watumwa waliokombolewa katika kijiji chenye mashamba na bustani kubwa. Kwa wamisionari wa siku zile, misioni isiyo na bustani haikuwa misioni kamili. Walifuata mapokeo ya kale, kwani Mtakatifu Benedikto, katika kanuni yake ya karne ya 6, aliagiza kwamba maji, kinu na bustani viwe ndani ya ukuta wa monasteri. Misioni ya Nyundo, ng'ambo ya mpaka karibu na Gisenyi, ilianzishwa mwaka 1901, na toka huko na toka misioni nyingine za Kivu watu walizoea kuona shu, karoti, vitunguu, puaro na seleri.

Hapo mwanzo watu wengi hawakupenda vyakula hivyo. Lakini nchi yetu ya baridi ilivipenda, na leo hakuna anayekumbuka kwamba shu ni mgeni. Hata sisi tuliosoma seminari ndogo tulifundishwa kila siku baada ya masomo kushika jembe. Tulinung'unika, tukisema tumekuja kujifunza Kilatini, si kumwagilia karoti. Kilatini kingi kimetutoka. Karoti tunazipanda hata leo.

Ukweli tusiufiche. Katika miaka hiyohiyo serikali ya Wabelgiji ilifanya kilimo kuwa mzigo. Tangu mwaka 1917 ililazimisha watu kulima mazao iliyoyataka, na kwa amri ya mwaka 1933 kazi za lazima ziliweza kufika siku 60 kwa mwaka. Tena mwaka 1925 Parki Albert, ndiyo Virunga ya leo, iliwekwa, na watu wakakatazwa kulima ndani ya mipaka yake. Wazungu wenye mashamba makubwa walichukua sehemu nzuri za milima ya Masisi. Katika siku hizo za taabu bustani ya nyumbani ilikuwa mahali pekee ambapo mama alipanda alichotaka, akakila bila kuandikwa na karani. Ndiyo maana wazee waliipenda, na ndiyo maana hata jembe halikuchukiwa kabisa.

III. MJI UNAKUA

Mwaka 1959 Goma ilipata jimbo lake, na Askofu wa kwanza alikuwa Mgr Joseph Busimba. Baada yake walifuata Mgr Faustin Ngabu mwaka 1974, Mgr Théophile Kaboy mwaka 2010 na Mgr Willy Ngumbi mwaka 2019. Mwaka 1988 Kivu iligawanywa, Goma ikawa mji mkuu wa Kivu ya Kaskazini. Watu walikuja toka Masisi, Rutshuru, Walikale, Lubero, Bukavu na Idjwi, na kila mmoja alileta mbegu za kwao.

Katika miaka ya 1970, wakati wa Zaire, kulikuwa na Salongo, kazi ya pamoja ya lazima. Wazee waliokumbuka siku za Wabelgiji walitikisa kichwa. Lakini kwa hiari yao, kila kartie ilikuwa bado ya kijani: migomba, miti ya avoka na ya marakuja, na mistari ya lengalenga. Kilichopunguka kiliteremka toka Kibumba, katika barabara ya Rutshuru, juu ya chukudu: magunia ya viazi vya kizungu, shu na puaro, na kijana amesimama juu ya mti huo wenye magurudumu mawili, akishuka kwa kasi mpaka mjini.

Tarehe 10 Januari 1977 mji ulikumbushwa ni nani jirani yake. Ziwa la moto la Nyiragongo lilipasuka na kumwagika kwa muda usiofika saa moja, likafunika vijiji na mashamba kaskazini ya mji. Wengi walikufa wasipate hata nafasi ya kukimbia. Sisi hatujazaliwa siku ile, lakini wazazi wetu walituonyesha mahali, wakisema: hapa palikuwa na maharagi ya fulani.

IV. MWAKA 1994

Mwezi wa Julai 1994 watu karibu milioni moja walivuka toka Rwanda kwa siku chache. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu. Mawe yetu yalikataa kuchimbwa makaburi, wala vyoo, na waliokuwa hai siku zile hawawezi kusahau. Tulikuwa vijana wadogo. Tuliona bustani ya nyumbani kwetu ikiisha kwa siku mbili. Wengine waliomba, wengine walichukua usiku. Baba alitaka kuzungusha miiba. Mama alikataa, akasema: anayeiba lengalenga mbichi amekwisha kulipa kwa njaa yake. Neno hilo tumelifundisha katika katekesi kupita maneno mengi ya kitabu.

V. TAREHE 17 JANUARI 2002

Siku hiyo ya Alhamisi Nyiragongo ilipasuka ubavuni. Moto ulipita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukala Katedrali ya Mtakatifu Yosefu, ukaingia ziwani. Malaki ya watu walikimbilia Gisenyi na Sake. Tuliporudi, mahali pa parseli nyingi palikuwa na jiwe jeusi linalofika kifuani pa mtu, na ndani yake joto lingali likifuka.

Hapa tunaungama. Siku chache baadaye tuliwaambia wanafunzi wetu wa ubatizo kwamba sehemu ile imekufa, haitaota kitu mpaka wajukuu wao wazeeke. Tulisema kama watu wenye elimu, kwa kuwa tulisoma kwamba volkano huhitaji miaka mingi kuwa udongo. Mama mmoja mjane wa Shirika letu alisikia, akanyamaza.

Mama huyo alitafuta mtaimbo na nyundo. Alivunja ganda la juu, akapanga mawe kuwa ukuta mdogo wa mviringo. Chini aliweka majani ya migomba na matope, ili maji yasizame yote. Kisha, siku kwa siku, akabeba kwa beseni udongo toka parseli ya ndugu yake, mahali ambapo moto haukufika. Akachanganya na maganda ya viazi, majivu ya makaa, na mavi ya dende na sungura. Akapanda lengalenga, kwani lengalenga haingoji: baada ya majuma matatu au manne inaanza kuchumwa. Maji ya kuoshea vyombo hakuyamwaga tena bure.

Siku ya Pasaka, tarehe 31 Machi 2002, wakati wa matoleo, mama yule alipita mbele na fungu la lengalenga mikononi. Kanisa lote lilijua limetoka wapi. Sisi tulikuwa tumesimama karibu na altare, tukainamisha macho. Mwanafunzi mmoja alitugeukia, akauliza kwa sauti ndogo: Mwalimu, kumbe pamefufuka? Tulikosa jibu.

Toka siku hiyo wengine walimwiga. Baadaye ulienea pia ufundi wa bustani ya mfuko: gunia linajazwa udongo, na katikati yake nguzo ya mawe madogo ya volkano inayopitisha maji mpaka chini, shu au kitunguu hupandwa juu, lengalenga katika matundu ya pembeni. Jiwe lililotuangamiza likawa bomba la kumwagilia.

VI. MIAKA YA KARIBU

Moto ulirudi tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, ukafunika nyumba na mashamba upande wa Buhene, ukasimama karibu na mji. Tarehe 27 Mei tuliamriwa kuhama, na wengi walitembea kwa miguu mpaka Sake na Minova. Tulirudi tukakuta magunia yetu yamekauka, lakini mbegu tulikuwa nazo, zimefungwa katika kitambaa pamoja na rozari.

Baada ya moto ikaja vita. Tangu mwaka 2022 barabara ya Rutshuru ilisumbuliwa, na Februari 2024 mapigano yalifika Sake, hata vyakula vya Masisi na vya Minova vikawa vigumu kufika kwa njia ya gari. Mitumbwi ya Kituku ilifanya ilivyoweza. Malaki ya wakimbizi walikaa katika hema pembezoni mwa mji. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia ndani ya mji wenyewe. Watu wengi walikufa. Kwa siku kadhaa hatukuwa na maji wala umeme, na benki zikafungwa. Katika siku zile, nyumba nyingi za Shirika letu zilikula majani ya gunia na sombe ya mhogo ulioota kando ya ua. Hatusemi kwamba bustani ilituokoa na vita. Tunasema kwamba jirani alipogonga ukutani, tulikuwa na kitu cha kupitisha juu ya ukuta.

VII. NENO LA JUBILEI

Leo bustani hizi zina adui mpya, naye si volkano. Parseli zinakatwa vipande viwili, kisha vinne. Kila nafasi inajengwa chumba cha kupangisha, na ua unafunikwa kwa simenti. Hatuwalaumu: ada ya shule haingoji. Vilevile tunajua wako wanaoomba kile kipande cha bustani ya parokia, kando ya ukuta, kijengwe maduka. Nao wana sababu, maana paa la kanisa linavuja.

Lakini tuwakumbushe habari mbili za Maandiko. Mfalme Ahabu alitaka shamba la mizabibu la Naboti alifanye bustani ya mboga, na kwa ajili ya bustani hiyo damu isiyo na kosa ilimwagika. Sisi wa Kivu twaijua habari hiyo bila kufunguliwa kitabu. Tena katika kitabu cha Walawi, mwaka wa Jubilei ni mwaka wa ardhi kupumzika na kurudishwa kwa wenyewe, kwa kuwa ardhi ni ya Mungu, na sisi ni wapangaji wake.

Basi tunaomba kwa heshima: maduka yajengwe upande wa barabara, na nusu ya kipande kile ibaki kuwa kitalu cha mbegu, kila Shirika lipewe mstari wake, na mazao ya kwanza yawe ya wajane na wakimbizi. Watoto wa komunyo ya kwanza wafundishwe pale kuvunja jiwe na kupanda lengalenga. Nasi tutakuwa wa kwanza kushika mtaimbo, ili kulipa deni letu la mwaka 2002.

Asubuhi ya Pasaka Maria Magdalena alimwona Bwana kaburini, akamdhania kuwa mtunza bustani. Watu husema alikosea. Sisi wa Goma, tuliokwisha kuona majani yakitoka katika mawe, twafikiri hakukosea sana.

Jubilei njema kwenu nyote!